Raundi Moja Ina Bei Gani?

Kila anayeanza kucheza Wizard101 hapa Busia huniuliza swali lile lile, na huliuliza huku kadi mbili zikimsubiri kwenye skrini: hii inaongeza asilimia 35, ile inaongeza asilimia 70, nichukue ipi? Wengi hata hawangoji jibu. Wanabonyeza yenye namba kubwa. Siwashangai, kwa kuwa namba hiyo imeandikwa juu ya kadi yenyewe, lakini bei yake ya kweli haikuandikwa popote. Kadi inakwambia itakupa nini. Haikwambii itakunyima nini, na inachokunyima ni raundi.

Nimeamua kuandika juu ya bei hiyo kwa sababu naipenda gemu hii kwa dhati, na kwa sababu vijana wa hapa mpakani wanaoicheza wakizungumza Kiswahili wanastahili maelezo ya lugha yao. Karibu kila mwongozo tunaosoma umeandikwa kwa Kiingereza na watu wenye akaunti za miaka mingi, ambao kadi zote wanazo. Sisi wengi wetu tuna kadi chache, bando la kuhesabu, na kompyuta moja inayopokezanwa na watu watatu.

Kwa asiyeijua: Wizard101 ilitolewa mwaka 2008 na KingsIsle, kampuni ya Texas, Marekani. Wewe ni mwanafunzi wa uchawi katika chuo cha Ravenwood chini ya mkuu wa chuo Merle Ambrose, na unachagua shule moja kati ya saba: Moto, Barafu, Dhoruba, Visasili, Uhai, Kifo au Mizani. Unatembea mitaani na wachezaji wengine kama katika gemu yoyote ya kuigiza ya mtandaoni, lakini mapigano yote ni ya karata. Ukigusana na adui, duara linachoreka chini, watu wasiozidi wanne upande huu na maadui wasiozidi wanne upande ule. Mkononi unashika kadi zisizozidi 7. Kila raundi una sekunde 30 za kuchagua, na unachagua kadi moja tu: upige, ujikinge, utibu, au ujiongezee nguvu. Huwezi kufanya mawili.

Sekunde hizo 30 ndizo zilizotufanya tuweze kuicheza huku kwetu. Gemu za kupiga risasi zinataka mtandao wa haraka, na kwa umbali uliopo kati ya Busia na seva za mbali, adui anakuona kabla hujamwona. Hapa mtandao ukisuasua kidogo, hakuna kinachoharibika. Unachagua, unangoja, unatazama. Anayeshinda ni aliyefikiri vizuri, na hilo kwangu ni haki kubwa.

Na Mganda yeyote aliyekulia kwenye matatu (ile ya karata, wasomaji wangu wa Kenya wasije wakapanda gari) ana msingi mzuri kuliko anavyodhani. Katika matatu nako unagawiwa karata 7. Karata ya mbili inamlazimisha anayefuata kuokota mbili, na kila mtoto anajua hivyo. Lakini mzee anayecheza chini ya mwembe pale karibu na stendi haulizi mbili ina nguvu gani. Anaangalia mkono wa mwenzake umebaki na karata ngapi, ndipo anaiachia. Nguvu ya karata ipo katika wakati wake. Mtu mwenye jicho hilo nikimwekea Wizard101 mbele yake, namfundisha majina tu.

Majina yenyewe ni haya. Kadi za kuongeza nguvu ziko za namna nne. Ya kwanza ni bledi: inakaa juu yako, au juu ya mwenzako ukimpa, na kuliongezea nguvu shambulio lijalo la shule husika. Fireblade inaongeza asilimia 35 kwa Moto, Stormblade asilimia 30 kwa Dhoruba, Iceblade asilimia 40 kwa Barafu, na Balanceblade asilimia 25 kwa shambulio la shule yoyote. Ya pili ni mtego: huu unakaa juu ya adui, naye atakapopigwa, pigo linaongezeka. Mtego mashuhuri kuliko yote ni Feint wa shule ya Kifo, asilimia 70. Ya tatu ni hali ya uwanja, inayogeuza duara zima. Ya nne ni aura, inayokuzunguka wewe mwenyewe kwa raundi nne. Zipo pia kadi za kunoa, ambazo nitazirudia baadaye kwa sababu ndizo zinazodharauliwa kuliko zote na hazistahili dharau hiyo.

Sasa tuhesabu. Chukua shambulio la 300, yaani linalomwondolea adui uhai wa 300. Ukipiga raundi mbili mfululizo, umepiga 600. Ukitumia raundi ya kwanza kuweka bledi ya asilimia 35 na ya pili kupiga, umepiga 405. Bledi imekupotezea 195. Mpwa wangu, aliyeko kidato cha nne na anayechezea Dhoruba, nilipomwekea hesabu hii kwenye karatasi alinitazama kwa mashaka. “Shangazi, basi bledi ni za nini? Tuzitoe zote?”

Ndipo inapoingia habari ya pipu. Mashambulio makubwa hayatoki bure. Chini ya miguu yako kuna vidoti vya nguvu, ndizo pipu, na unaongezewa moja kila raundi. Shambulio la kupiga maadui wote kama Meteor Strike la Moto linataka pipu 4. Anayeanza, ambaye bado hana pipu za nguvu (zile zinazohesabika mbili, nitazifikia), anaingia na pipu 1, kwa hiyo pipu 4 anazipata raundi ya nne. Raundi tatu za mwanzo hawezi kulipiga hata akitaka. Bledi na mitego ya kawaida hazili pipu hata moja. Kwa hiyo hizo raundi tatu ni mali yake ya bure, na kuziacha zipite tupu ndiyo hasara yenyewe.

Tazama inavyokuwa, tukichukulia kwamba kadi ya kunoa tayari unayo. Raundi ya kwanza bledi ya asilimia 35. Ya pili, bledi ile ile iliyonolewa, yaani iliyoongezewa asilimia 10 kwa kadi ya kunoa, asilimia 45. Ya tatu, mtego wa asilimia 25 juu ya adui mkubwa. Ya nne, piga. Wengi wanajumlisha: 35 na 45 na 25 ni 105, basi 300 inakuwa 615. Sivyo. Gemu hii inazidisha. Ni 300 mara 1.35 mara 1.45 mara 1.25, na jibu ni kama 734. Mwenzako aliyetumia raundi hizo nne kurusha kadi ndogo za pipu moja, zinazopiga kama 100 kila moja, amemaliza na 400 juu ya adui mmoja. Wewe umempiga mkubwa 734 na wenzake wote waliosimama kwenye duara 587 kila mmoja, kwa muda ule ule.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza kabla ya kuchagua kadi ya kuongeza nguvu si asilimia. Ni hili: raundi hii ningekuwa na kitu bora cha kufanya? Kama pipu hazijatosha, jibu ni hapana, weka bledi. Kama pipu zimeshatosha, kila bledi ya ziada unailipia raundi nzima, na adui naye anaitumia raundi hiyo kukupiga.

Hapo pia ndipo ushauri wa wakongwe unapowapotosha wageni, bila wao kukusudia. Kadiri unavyopanda levo na kuvaa mavazi bora, unaanza kupata pipu za nguvu, na pipu ya nguvu inahesabika mbili kwa kadi za shule yako. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa na pipu 4 raundi ya pili. Dirisha lake la bure limefungwa karibu lote. Ndiyo maana unamsikia akisema bledi moja inatosha, piga haraka. Kwake ni kweli. Kwa mtoto aliye bado Unicorn Way, mtaa wa mwanzoni kabisa, ambaye kila kidoti kinakuja kwa zamu yake, ni ushauri wa kumnyang'anya kitu alicho nacho bure.

Kuzidisha kuna tabia nyingine ambayo natamani kila mtu aiweke akilini. Kadi ile ile haina thamani moja. Fireblade peke yake juu ya 300 inaongeza 105. Lakini kama tayari umeweka bledi iliyonolewa na Feint, shambulio limefika kama 739, na Fireblade ikija juu yake inalifikisha 998. Kadi ile ile, asilimia ile ile 35, safari hii imeleta 259. Kwa hiyo mtu anayesema bledi fulani ni dhaifu anatakiwa aulizwe: dhaifu juu ya nini?

Na kuna upande wa pili. Ikiwa bosi, yaani adui mkuu wa pambano, amebakiwa na uhai wa 700, 739 inammaliza. Fireblade hapo inaongeza 259 kwenye maiti, na imekula raundi ambayo bosi alikuwa hai. Kwa sababu hii mimi huanza hesabu kutoka mwisho. Natazama uhai wa adui, nauliza shambulio langu litahitaji kuzidishwa mara ngapi ili lifike pale, halafu nachagua kadi chache zaidi zinazonifikisha. Adui ana uhai wa 580 nami nina shambulio la 300? Nahitaji karibu mara mbili. Bledi mbili, ya kawaida na iliyonolewa, zinanipa 1.96, yaani 587. Basi. Feint inabaki mkononi hata kama inang'aa.

Kuhusu kukaa pamoja kwa kadi: bledi mbili zinazofanana kabisa hazitumiki kwenye shambulio moja. Ya kwanza inatumika, ya pili inabaki kungoja shambulio litakalofuata. Bledi ya kawaida na iliyonolewa zinahesabiwa kuwa kadi tofauti, ndiyo maana zinakwenda pamoja. Hili watu wengi wanaligundua baada ya kuweka Fireblade tatu na kuona moja tu ikiyeyuka.

Sasa bledi na mtego. Ukisoma kadi utadhani ni ndugu, moja juu yako na nyingine juu ya adui, jibu ni lile lile. Kwa adui mmoja, ndiyo, hesabu haijali. Kwa maadui watatu au wanne tofauti ni kubwa mno. Bledi juu yangu inazidisha pigo la Meteor Strike kwa kila mmoja aliyesimama upande wa pili. Mtego unamzidishia yule mmoja aliyeubeba. Kwa hiyo mitaani, ambako maadui huja kwa vikundi, mimi sibebi mtego hata mmoja. Kwa bosi, naiingiza. Watu wengi hawabadilishi sanduku lao la kadi kati ya mtaa na bosi, na kwa maoni yangu huo ndio uzembe mmoja unaogharimu kuliko mwingine wowote, kwani kubadilisha hakuchukui hata dakika na gemu inaruhusu kuwa na masanduku tofauti.

Halafu kuna suala la nani anaula mtego. Bledi ni yako; hakuna atakayeitumia. Mtego uko pale juu ya adui, wazi, na unafyatuka kwa pigo la kwanza linaloufaa, liwe lako au la mwenzako. Mtego wa Moto unangoja Moto. Feint haichagui: pigo la shule yoyote linaifyatua. Unaiweka Feint kwa ajili ya shambulio lako kubwa, mwenzako kwa nia njema anarusha kadi ndogo inayotoka kwenye fimbo yake ya uchawi, na asilimia 70 zimeenda kuzidisha pigo la 60. Mchezaji wa Visasili mwenye msaidizi pembeni ana tatizo zaidi, kwa sababu msaidizi huyo anapiga anapotaka, na haulizi Feint ni ya nani.

Ukiona adui amejikinga kwa ngao, kwa mfano Tower Shield inayopunguza pigo kwa asilimia 50, utataka kuivunja kwanza kwa pigo dogo. Vunja kwa fimbo ya shule isiyo yako, ili bledi zako zisiguswe. Na vunja kabla Feint haijawekwa, si baada. Utaratibu huo, ngao kwanza na Feint baadaye, nimewaona watu wa levo za juu wakiugeuza na kushangaa kwa nini pigo lao limetoka bila ile asilimia 70.

Feint yenyewe ina bei mbili ambazo namba 70 inazifunika. Inakula pipu moja, kwa hiyo inasogeza mbele raundi ya shambulio lako, na nimeshasema raundi ni kila kitu. Pia inakuwekea wewe mtego wa asilimia 30. Adui akikupiga kabla hujammaliza, anakupiga zaidi. Kwa mchezaji wa Barafu mwenye uhai mwingi hilo ni jambo la kuvumilika. Kwa Dhoruba, ambayo ina mashambulio makali lakini uhai mdogo kuliko shule zote, ni jambo la kupima vizuri. Kwa hiyo, jibu kamili la yule aliyeniuliza 35 au 70 ni kwamba 70 ni ya raundi moja kabla ya pigo la mwisho, ikiwa baada ya kuilipia pipu zako bado zitatosha shambulio raundi inayofuata na una uhakika wa kumaliza. Nje ya hapo, chukua 35.

Uhakika wa kumaliza nao unatofautiana kwa shule. Dhoruba hufaulu mara 70 kwa 100. Zilizobaki kadi inafifia hewani. Uhai hufaulu mara 90. Kadi ikififia pipu hazipotei na bledi hazipotei, kilichopotea ni raundi tu. Lakini mchezaji wa Dhoruba aliyejitwika mtego wa Feint akafifia, amesimama uchi raundi nzima mbele ya bosi. Ndiyo sababu mimi namsihi mpwa wangu atafute kwanza mavazi ya kuongeza uhakika kabla ya kutafuta asilimia za nguvu. Yeye anataka namba kubwa, ana miaka yake hiyo, na anapofaulu anamaliza duara zima kwa pigo moja hadi nasikia kelele zake kutoka chumba cha pili. Naielewa furaha hiyo. Bado msimamo wangu ni ule ule.

Hali ya uwanja na aura sitazikalia sana. Hali ya uwanja inasaidia kila mtu aliyepo kwenye duara, pamoja na adui, na inaondoka mtu yeyote akiweka nyingine. Kama mimi ni Moto na bosi naye ni Moto, sioni sababu ya kuupasha uwanja kwa faida yake. Aura ni yako peke yako na inadumu raundi nne, kwa hiyo ina maana kwa anayepiga kila raundi. Mimi ninayepiga mara moja baada ya kujiandaa, raundi zake nyingi zinapita nikiwa bado naweka bledi.

Kunoa ndiko ninakotaka kukaa. Katika levo za baadaye unafunguliwa uchawi wa Jua, ambao kazi yake ni kuboresha kadi nyingine. Sharpened Blade inaongeza asilimia 10 kwenye bledi. Strong inaongeza pigo la 100 kwenye shambulio. Mtu akiona 10 karibu na 70 anacheka. Lakini kunoa kunafanyika ndani ya zile sekunde 30: unabonyeza kadi ya kunoa, unabonyeza bledi, zinakuwa kadi moja, na bado raundi yako iko mkononi. Hakuna kadi nyingine ya kuongeza nguvu inayokupa chochote bila kukutoza raundi.

Na Strong ina siri ya ziada. Ile 100 inaingia kabla ya kuzidisha. Shambulio la 300 chini ya bledi zangu mbili ni 587. Likiwa limenolewa na kuwa 400, chini ya bledi zile zile ni 783. Nimepata karibu 196 bila kutumia raundi, wakati bledi ya tatu ya asilimia 25 ingenipa 147 na kunitoza raundi nzima. Ukifika levo ya kufunguliwa kadi hizo na ukabaki unatafuta mtego mpya wa namba kubwa, umeipita hazina njiani.

Gharama yake ni nafasi. Kadi ya kunoa inakaa kwenye sanduku lako na mkononi mwako, na hapo ndipo namba nyingine inapotawala, ambayo wachezaji wengi hawaijali: kadi itakufikia? Sanduku lenye kadi 20 na Fireblade mbili ndani yake linakupa Fireblade katika mkono wa kwanza wa kadi 7 mara kama 59 kwa 100. Punguza sanduku hadi kadi 14 na Fireblade zile zile mbili, inakuwa mara 77. Hujaongeza bledi hata moja. Umeondoa takataka. Na kwa kuwa kunoa kunataka kadi mbili zikutane mkononi kwa wakati mmoja, sanduku kubwa linaua kunoa kabisa. Bledi bora kuliko zote ulimwenguni ikiwa chini ya rundo haina kazi.

Kisha kuna pointi za mafunzo, ambazo ni uchaguzi wa kudumu zaidi. Unazipata kwa uchache kadiri unavyopanda, na unaweza kuzitumia kujifunza kadi za shule nyingine. Walimu wa mtandaoni hutaja tatu: Satyr wa Uhai kwa kutibu, Tower Shield ya Barafu kwa kujikinga, na Feint ya Kifo. Kila moja inataka upitie kadi nyingine za shule hiyo kwanza, huwezi kuruka moja kwa moja. Mtu anayecheza peke yake, ningemwambia aanze na Satyr. Nguvu ya kuua haina maana kwa anayekufa raundi ya tano, na yeye hana wa kumtibu.

Sisi lakini hatuchezi peke yetu. Tuko watatu: mimi wa Moto, mpwa wangu wa Dhoruba, na rafiki yetu Mkongo anayeishi Katwe, Kampala, wa shule ya Mizani. Ujumbe wa kuandikiana ndani ya gemu huchujwa, na maneno yetu ya Kiswahili huishia kuwa vitone, kwa hiyo tunafungua simu ya WhatsApp pembeni na kuongea. Ukiwa na timu, kila nilichosema juu ya raundi kinageuka sura, kwa sababu sasa mna raundi tatu ndani ya raundi moja, na bledi inaweza kuwekwa juu ya mwenzako.

Rafiki yetu ana Elemental Blade, inayompa mtu mmoja asilimia 35 za Moto, Barafu na Dhoruba kwa pamoja. Kwake yeye mwenyewe, kwa mashambulio yake ya Mizani, kadi hiyo haina faida. Juu ya mpwa wangu ni dhahabu. Ana pia Bladestorm, asilimia 20 kwa kila aliye upande wetu. Ukiitazama kadi hiyo peke yake, 20 ni kidogo. Ukihesabu kwamba inaingia kwa watu watatu kwa raundi ya mtu mmoja, na kwamba mtu huyo hakuwa na shambulio la maana la kupiga raundi hiyo, ni moja ya kadi bora tulizo nazo.

Ajabu ni kwamba tulipoanza kupanga hivyo, jambo lililotupa shida halikuwa kadi bali mahali pa kusimama. Nafasi nne za duara zina alama: jua, jicho, nyota na mwezi. Mshale wa katikati unaamua upande upi utangulie, na ndani ya upande wetu tunacheza kwa mfuatano wa nafasi. Aliyeingia kwanza anacheza kwanza. Mpwa wangu alipenda kukimbilia adui wa kwanza, hivyo shambulio lake lilitoka kabla ya bledi ya rafiki yetu ya raundi ile ile kumfikia. Sasa Mizani anaingia kwanza, mimi wa pili, Dhoruba wa mwisho. Kwa mpangilio huo bledi iliyowekwa raundi hii inatumika raundi hii hii. Tumeokoa raundi nzima kila pambano bila kujifunza kadi mpya, na bando linadumu zaidi kwa sababu mapambano yamekuwa mafupi.

Kwa hiyo pointi zetu za mafunzo tumezigawa. Mimi ndiye niliyejifunza Feint kwa ajili ya wote, kwa kuwa nasimama katikati na uhai wangu unastahimili ile asilimia 30 kuliko wa mpwa wangu. Naiweka juu ya bosi, anayefuata baada yangu ni Dhoruba, na hakuna wa kuingilia kati. Rafiki yetu amechukua Satyr. Mpwa wangu nimemwambia pointi zake azitunze kwanza. Kuna bosi huko mbele tunakoelekea, na hatujui atatutaka ngao au tiba.

Tunachobishania hadi leo ni Feint ya pili. Rafiki yetu anasema niweke mbili sandukuni, moja ikichelewa nyingine itafika. Mimi naona nafasi hiyo ni ya kadi ya kunoa, kwa sababu Feint mbili zinazofanana hazitumiki kwenye pigo moja, na iliyobaki itakuwa imenigharimu pipu na kuniachia mtego wa pili mwilini. Yeye anajibu kwamba bosi mwenye maisha marefu atapigwa mara mbili, na pigo la pili litaitaka. Jumamosi tutaingia na sanduku langu, Jumapili na lake, bosi yule yule, tuhesabu raundi.